Asilimia 40 ya Baridi

Mtu akikuambia kuna uwezekano wa asilimia 40 wa baridi kali, kisha baridi kali ikaja kweli, amekuambia ukweli au amebahatisha? Na isipokuja, amekudanganya? Linaonekana swali la barazani, la kuulizana kahawa ikiwa mkononi. Lakini Waingereza waligombana juu yake kwa karibu miaka miwili, na katikati ya ugomvi huo taasisi moja ya umma ikaacha kuwaambia wananchi jambo ambalo iliendelea kuwaambia wakubwa. Hapo ndipo swali linapoacha kuwa la hesabu.

Tuanze na Aprili 2009. Met Office, yaani mamlaka ya hali ya hewa ya Uingereza, ilitangaza utabiri wa majira ya joto yaliyokuwa yanakuja. Ndani ya utabiri kulikuwa na hesabu, uwezekano wa asilimia 65 kwamba hali ingekuwa nzuri. Lakini taarifa iliyokwenda kwa vyombo vya habari ilisema dalili zinaelekea kwenye majira ya nyama choma. Nyama choma, jamani! Ukishamwambia mtu habari ya nyama choma, ile 65 amekwisha kuisahau. Anawaza mkaa na viti vya nje. Julai ikaja na mvua kubwa, na Met Office ikawa kichekesho cha magazeti.

Haukupita muda, ukatoka utabiri wa majira ya baridi. Safari hii walisema nafasi kubwa ni ya hali ya wastani au yenye joto kiasi. Baridi kali ilipewa nafasi ndogo. Katika tangazo moja la mapema ilisemwa ni moja kati ya saba. Ikaja hiyo hiyo moja. Majira ya baridi ya 2009/10 yakawa makali kuliko yote nchini humo tangu 1978/79. Chumvi ya kumwaga barabarani, ile inayozuia maji yasigande na magari yasiteleze, ikaanza kwisha kwenye maghala ya halmashauri, ikabidi igawiwe kwa mgao. Machi 2010 Met Office ikatangaza kwamba haitatoa tena utabiri wa msimu kwa umma. Wananchi wangepata wa mwezi mmoja, basi.

Kisha ikaja Desemba 2010, Desemba yenye baridi kuliko zote katika kumbukumbu za nchi nzima zilizokuwa zikianzia 1910. Uwanja wa ndege wa Heathrow ulikwama, abiria wakalala sakafuni siku chache kabla ya Krismasi. Na mwanzoni mwa 2011 ikajulikana kwamba wiki chache kabla ya baridi hiyo serikali ilikuwa imepewa utabiri wa miezi mitatu: asilimia 40 baridi, 30 wastani, 30 joto kiasi, pamoja na maelezo kwamba hatari ya majira kuanza kwa baridi imeongezeka. Watu wakagawanyika. Upande mmoja: mlijua, mkanyamaza! Upande wa pili: 40 kwa 30 kwa 30 si kujua, huko ni kubahatisha ukiwa umevaa tai.

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haraka. Hebu tuitazame hiyo 40. Watabiri wa msimu huchukua majira ya baridi ya miaka mingi iliyopita, wakayapanga kuanzia lenye baridi zaidi hadi lenye joto zaidi, kisha wakayakata mafungu matatu yaliyo sawa. Mtu asiyejua lolote kuhusu mwaka ujao atasema 33, 33, 33. Kwa hiyo anayesema 40 ameongeza kama saba juu ya ujinga mtupu. Hiyo saba ndiyo elimu yote iliyokuwepo mezani. Si siri ya kuangusha serikali, lakini si sifuri pia.

Kwa nini iwe ndogo hivyo? Edward Lorenz aligundua mwaka 1961, akicheza na kompyuta yake pale MIT, kwamba ukikata tarakimu chache tu mwishoni mwa namba unayoanzia, hali ya hewa unayoikokotoa inaachana kabisa na ile ya mwanzo. Ndiyo maana utabiri wa siku kwa siku hufia njiani kiasi cha wiki mbili hivi. Utabiri wa msimu hutegemea kitu kingine, hasa bahari, ambayo hupata joto polepole na kulipoteza polepole, ikisukuma hewa upande fulani kwa miezi. Hausemi lini theluji itaanguka. Unasema kete imetiwa uzito kidogo upande mmoja.

Sasa, usahihi wa kauli kama hiyo unapimwaje? Si kwa msimu mmoja. Unakusanya mara zote mtabiri aliposema 40, unahesabu ni ngapi zilitokea. Zikikaribia 40 katika kila 100, mtu huyo anasema kweli. Mmarekani Glenn Brier aliandika kanuni ya kupima mambo haya mwaka 1950, na inatumika hadi leo. Kwa wanasayansi jambo limekwisha hapo. Kwangu halijaisha. Kauli ambayo hakuna mwaka hata mmoja inaoweza kuonekana ya uongo ni kauli yenye kinga nzuri mno, kinga ambayo kila mwanasiasa angeitamani. Majira ya baridi huja mara moja tu kwa mwaka. Ili upate mara 100 za kuhesabu, msomaji wangu, itabidi uombewe maisha marefu. Mwananchi aliyeteleza barafuni Januari ana haki ya kukasirika kwanza, takwimu baadaye.

Lakini mlinganishe mtabiri huyo na wenzake wasio na aibu. Marekani kuna kitabu cha Old Farmer's Almanac, kinatoka kila mwaka tangu 1792. Kinatabiri hali ya hewa ya mwaka mzima, baridi ikiwemo, kwa kanuni ambayo inasemekana imefungiwa kwenye sanduku jeusi huko Dublin, New Hampshire. Kwa desturi hujisifu kupatia mara nane kati ya kumi. Kinauzwa vizuri sana. Sijasikia mtu akidai kifungwe kwa sababu theluji haikuanguka. Kuna utamu katika kutabiri bila namba: ukipatia unasifiwa, ukikosea unasahaulika. Anayekupa namba anakupa na fimbo ya kumchapia, na kwa sababu hiyo tu nampa heshima zaidi.

Namba yenyewe hufa mapema. Nimekaa chumba cha habari miaka ya kutosha kuifahamu safari yake. Inaingia mlangoni ikiwa 40. Ikifika kwa mhariri inakuwa "huenda". Kwenye kichwa cha habari inakuwa "yaja". Hakuna mwongo hapo katikati. Kichwa cha habari kina nafasi ya maneno matano, na "huenda" halijawahi kuuza gazeti. Kiswahili nacho hakitusaidii sana. Tuna huenda, pengine, labda, yamkini; mwulize mtu "pengine" ni asilimia ngapi uone atakavyokucheka. Na kitenzi tunachompa mtaalamu wa hali ya hewa, kutabiri, ndicho tunachompa mnajimu. Mmoja amekesha na mahesabu, mwingine na nyota, na gazetini wote "wametabiri".

Jambo hili si la kizungu peke yake. Yale mafungu matatu, chini ya wastani, wastani, juu ya wastani, ndiyo yanayotumika huku kwetu. Kituo cha ICPAC, cha nchi za IGAD, hutoa ramani za msimu zilizogawanywa hivyo hivyo kwa asilimia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutuambia kuhusu vuli, masika na zile mvua za msimu za mikoa kama Dodoma na Singida kwa maneno ambayo kila msikilizaji wa redio anayajua: "wastani hadi juu ya wastani zinatarajiwa". Tena sisi tuna bahati moja ambayo Mwingereza hana. Mvua za vuli hufuata joto la bahari, El Niño kule Pasifiki na hali ya Bahari ya Hindi hapa mlangoni, kwa namna inayotabirika vizuri kuliko baridi ya London. Masika ni wakaidi zaidi, lakini vuli inasikia.

Bahati hiyo haikuisaidia Kenya mwaka 2023. Wataalamu walikuwa wameshasema vuli ingekuwa kubwa. Oktoba, Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba mvua itakuwepo lakini haitafikia El Niño. Idara ya hali ya hewa ilikuwa na uwezekano mkononi; rais akataka ndiyo au hapana, akachagua hapana. Mafuriko yaliyofuata yaliua watu zaidi ya 100 nchini humo. Nikifikiria makosa ya utabiri, hili linanitisha kuliko nyama choma ya Waingereza.

Turudi kwenye ile saba ya nyongeza, maana hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema iliwahusu wapangaji peke yao. Inamfaa nani? Halmashauri ya mji huko Uingereza itanunua chumvi mwaka huu, mwakani na mwaka wa kumi na mbili. Ikiongeza kidogo kila inapoambiwa 40, na kupunguza kidogo kila inapoambiwa 20, kuna miaka itapoteza, lakini baada ya miaka 20 itakuwa imeokoa fedha na labda mifupa ya watu. Inaweza kukosea ikabaki hai. Sasa mchukue mkulima wa Kongwa mwenye mfuko mmoja wa mbegu. Yeye hapandi mara 20. Anapanda Desemba hii. Mvua ikikataa, kumwambia kwamba utabiri ule ni sahihi kwa wastani wa miongo miwili ni kumtania. Asilimia ni lugha ya mtu ambaye atakuwepo mchezo ukirudiwa.

Kumbe basi walikuwa na haki ya kunyamaza? Kama mtu mmoja mmoja hawezi kuitumia 40, kuna hasara gani kumnyima? Hoja hii ingenishawishi kama ingekuwa kweli kwamba watu wa kawaida hawaelewi uwezekano. Lakini mtazame yule yule wa Kongwa. Ana mtama upande huu na mahindi upande ule. Sehemu ya shamba amepanda mapema, sehemu amesubiri. Mbuzi wawili hajawauza, wanangoja mwaka mbaya. Huyu ameshafanya hesabu ya uwezekano miaka yote bila kuandika asilimia hata moja. Ukimpa ile saba ya nyongeza hataacha mahindi. Ataongeza matuta kadhaa ya mtama. Na bibi kizee wa Leeds, angeambiwa Oktoba kwamba baridi imepata uzito kidogo, asingehama nchi. Labda angemwita fundi aangalie mabomba kabla hayajaganda.

Met Office ilijieleza kwamba sayansi haiwezi kuahidi hali fulani ya hewa miezi mingi mbele. Kweli tupu. Lakini nani aliiomba ahadi? Ahadi waliitoa wenyewe, kwa neno la nyama choma, na walipoumbuka walificha namba badala ya kuacha maneno ya namna ile. Adhabu ikaiangukia sehemu pekee ya tangazo iliyokuwa ya kweli. Mbaya zaidi, waliobaki na haki ya kuisoma ni wale wale wenye maghala, wanaoweza kukosea bila kuumia.

Siku hizi muhtasari wa miezi mitatu unapatikana wazi kwa yeyote anayeutaka, japo umeandikwa kwa ajili ya wanaopanga mambo ya dharura. Na baada ya baridi ya 2009/10 halmashauri za Uingereza zilishauriwa kuongeza akiba ya chumvi, serikali nayo ikaweka akiba ya taifa, ili mwaka utabiri ukikosea barabara zisifungwe. Hawakungoja kwanza mtabiri awe hodari. Walilipia uwezekano wa kukosea kwake, kwa fedha ya wote.

Huku kwetu utabiri wa msimu ukitoka, mkulima anashauriwa kwenye redio apande mbegu zinazokomaa mapema na afuate maelekezo ya maafisa ugani. Ushauri mzuri. Sijawahi kusikia, baada ya ushauri huo, likitajwa ghala ambamo mfuko wake wa pili wa mbegu umewekwa, endapo mwaka huu utaangukia kwenye zile 60 zilizobaki.