Punda Aliyelemewa

Juma hili nimekaa na mstari mmoja wa Torati, Kutoka 23:5. Humo Mungu anamwagiza mtu amsaidie punda aliyelemewa na mzigo, hata kama mwenye punda ni adui yake. Nimeusoma nikiwawaza mama zetu wa hapa Mokambo, wanaovuka mpaka kutoka Zambia na mfuko wa unga wa kilo 25 kichwani, ili sisi tule bukari.

Mmoja wao alinijia mkono wa kuume ukimwaka moto, kuanzia shingoni hadi kidole cha kati. Usiku halali. Majirani walishamwambia amerogwa, maana mkono haukuwa na jeraha wala uvimbe. Tuliomba pamoja. Kisha nikamsihi aende kwa daktari, na sikuona kwamba kwa kusema hivyo nimepunguza imani.

Shingo ina pingili 7, na katikati ya nyingi za hizo mna visahani laini vinavyopokea uzito. Kisahani kikitokeza pembeni, au mfupa ukiota kijino kwa umri, mshipa wa fahamu unaopita hapo kwenda mkononi hubanwa. Ugonjwa uko shingoni, kilio kinasikika kwenye vidole. Humpata hata asiyebeba kitu; lakini shingo inayouma haitaki mfuko juu yake.

Wengi hupona bila kupasuliwa, katika majuma au miezi michache, kwa dawa, mazoezi waliyoelekezwa na kuacha kazi nzito. Ila mkono ukilegea hata vitu vinaanguka, miguu ikiyumba, au mkojo ukishindwa kuzuilika, usingoje Jumapili tukuombee: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wala usimruhusu mtu akuzungushe shingo kwa nguvu, eti irudi mahali pake.

Daktari alimwambia mama yule aache kubeba. Naye mama akaniuliza, "Pasta, watoto watakula nini?" Mimbarini sikuwa na jibu. Lakini mstari ule haumwambii punda ajipumzishe. Unamwambia anayepita njiani aushike mzigo. Basi ninyi vijana wa kwaya wenye baiskeli, kesho Jumatatu alfajiri mpitieni nyumbani, kabla hajakunja kata yake ya kichwani.