Hotuba ya Ijumaa: Jino la Maskini ni Amana Yetu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa ulimi wa kumtaja na meno ya kutafuna riziki yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, wababa, wamama na vijana wetu. Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninyi, tumche Mwenyezi Mungu. Leo nasema juu ya jambo ambalo wengi hulidharau: jino.

Mnajua jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoupenda mswaki. Alitujulisha kwamba asingeogopa kuutaabisha umma wake, angaliwaamuru kupiga mswaki kwa kila sala. Hata katika ugonjwa wake wa mwisho, mama yetu Aisha (r.a.) alimlainishia mswaki, naye akautumia. Basi usafi wa kinywa ni jambo la dini. Lakini mswaki hukinga tu. Jino likisha kutoboka, mswaki hauzibi tundu. Hapo anatakiwa munganga, na munganga anataka franka.

Nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Katika madrasa yangu kulikuwa na mtoto aliyewapita wenzake kwa kuhifadhi. Ghafla akanyamaza, akawa anakuja amejifunga kitambaa shavuni. Nilimgombeza, nikidhani ni uvivu. Kumbe jino lilimuuma mwezi mzima! Baba yake, mchukuzi wa mawese kwa baiskeli, alimtia chumvi na karafuu, kisha akampeleka kwa mtu wa sokoni mwenye koleo. Jino likavunjika, mzizi ukabaki. Baada ya siku chache shingo ilivimba, hata mate hakuweza kumeza. Hospitalini walimpasua, wakatoa usaha, na Mwenyezi Mungu akamponya. Lakini baba aliuza baiskeli yake ili alipe deni. Kung'oa jino lile mapema kungegharimu chini ya bei ya bidoni moja ya mawese.

Ndugu zangu, baba yule alisali katika safu yetu kila Ijumaa. Hakuna aliyemuuliza habari, wala mimi.

Tusiseme ni kadari tu. Mtume (s.a.w.) alituamuru tujitibu. Na ugonjwa huu si wetu peke yetu: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba watu karibu miliari 3,5 wana magonjwa ya kinywa. Mwaka 2021 shirika hilo lilikuwa limekwisha kuweka dawa ya meno yenye floridi katika orodha ya dawa za lazima. Na kwa jirani zetu wa Tanzania, katika miaka ya 1980, waganga walianza njia ya kusafisha tundu la jino kwa vyombo vya mkono na kuliziba, bila umeme wala mashine. Basi kukosa umeme si udhuru wa kuwaacha watu wateseke.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mzazi atazame kinywa cha mtoto wake. Mtoto apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na sukari ipunguzwe. Mtoto akilalamika, apelekwe mapema.

Pili, tufungue sanduku la meno hapa msikitini. Kila Ijumaa mtu atoe alichonacho, hata franka chache. Mama mmoja na mzee mmoja walinde hesabu, nayo isomwe mbele yetu kila mwezi. Msaada umfikie pia jirani asiye Mwislamu, kwani haki ya jirani haibagui.

Tatu, wazee wetu waende kwa munganga mkuu wa zoni ya afya, waombe kwa adabu: muuguzi afundishwe kutibu meno, iwekwe siku moja ya meno kila juma, na bei iandikwe mlangoni ili maskini aijue kabla ya kuingia.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, ilainishe mioyo yetu, wala usitufanye wenye kusali bega kwa bega bila kujuana hali. Amina.

Aqulu qawli hadha wa astaghfirullaha li wa lakum.