Bei ya Mnadani

Tarehe 8 Mei 2012 mjini New York, nyumba ya mnada ya Christie's iliuza picha ya Mark Rothko, iliyochorwa kwa rangi za mafuta mwaka 1961. Haina sura ya mtu wala mti. Ni chungwa, nyekundu na manjano tu. Bei pamoja na ada ilizidi dola milioni 86. Usiicheke upesi: rangi nazo ameziumba Mwenyezi Mungu. Ila mchoraji, aliyejiua Februari 1970, hakuusikia mnada ule.

Bei hiyo ilitoka wapi? Wawili wakishindania kitu, hupanda; mmoja akinyamaza, husimama papo hapo, na picha ni ile ile. Basi wewe uliyekwisha kuitambua haki, mbona wangoja jamaa zako wanyanyue mikono kwanza?