Pazia la Bi Aisha na Mfuko wa Mama

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, wiki tatu zilizopita nilizungumza katika darsa yetu ya Alhamisi, baada ya Isha, juu ya israfu. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, na nakiri kwamba nilijipendeza kidogo. Tulipomaliza, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata kwenye ngazi za msikiti akaniambia kwa adabu: "Kaka, sisi hatuna cha kufuja. Israfu ni ya wenye mali." Sikupata jibu. Nililala nalo neno lile, na haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kumwambia usiku ule.

Nianze na pazia. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Bi Aisha (R.A.) alitundika pazia lenye picha kwenye sehemu moja ya nyumba yake. Mtume (S.A.W.) akarudi kutoka safari, akaliona, akachukizwa nalo na kuliondoa. Kwa kawaida hadithi hii tunaisoma kwa ajili ya hukumu ya picha, tukifika hapo tunafunga kitabu. Lakini Bi Aisha mwenyewe anaendelea kusimulia: walilikata lile pazia, wakatengeneza mto mmoja au miwili ya kuegemea. Kitambaa kilichokuwa kimekosewa mahali pake hakikutupwa nje. Kilitafutiwa mahali pengine ndani ya nyumba ile ile.

Na kuna habari ya kondoo. Mtumwa aliyeachwa huru na Bi Maymuna (R.A.) alipewa sadaka ya kondoo, kondoo akafa. Mtume (S.A.W.) akapita na kuuliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaidabighi na kunufaika nayo. Wakasema ni mzoga. Akawafahamisha kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Fikirini jambo hili. Mzoga ni kitu ambacho wewe na mimi tungekimbia harufu yake, naye anaona ndani yake kitu kinachofaa. Bi Sawda (R.A.) alisimulia kwamba kondoo wao alipokufa waliidabighi ngozi yake, wakawa wanaloweka tende ndani yake mpaka ikawa kiriba kikuukuu. Kutokana na hadithi hizi mafakihi wetu wa Kishafi wamesema kuwa ngozi ya mzoga hutwaharika kwa kudabighiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Yaani kuna mlango mzima wa fiqhi uliofunguliwa na swali la mtu aliyeona kitu kinataka kupotea bure.

Mkitaka zaidi, yuko Bi Asmaa binti Abubakar (R.A.), aliyepasua mshipi wake vipande viwili siku za Hijra, kimoja akafungia chakula cha safari na kingine kiriba cha maji. Jina la heshima alilobaki nalo mpaka leo, Mwenye Mishipi Miwili, limetokana na kitambaa kilichochanwa. Na baba yake, alipokuwa katika maradhi ya kifo, aliitazama nguo aliyokuwa ameivaa, iliyokuwa na doa, akaagiza ifuliwe, iongezwe nguo mbili, akafiwe humo. Bi Aisha akasema hiyo imechakaa. Abubakar Swiddiq (R.A.) akajibu kwamba aliye hai anaistahiki nguo mpya kuliko maiti.

Hayo ni yao. Sasa nieleze yangu, maana darsa ya Alhamisi niliisema nikiwa nimeyaficha.

Mama yangu yuko Rumonge. Anauza mawese sokoni kwa vipimo vidogo, katika chupa za maji ambazo watoto huziokota naye huziosha kwa sabuni na kokoto. Nilipokuwa mwaka wa pili aliniletea mfuko wa vitabu alioushona mwenyewe kutokana na koti la marehemu baba, lile la kijivu alilokuwa akilivaa juu ya kanzu siku ya Idi. Mifuko ya koti ilikuwa imebaki mahali pake, nikaweka kalamu. Bitana ilikuwa ndani, ikizuia daftari zisilowe. Ulikuwa mfuko imara kuliko ninavyoweza kueleza.

Siku ya kwanza nilipoingia nao darasani, mwenzangu mmoja akauliza kama nimetumwa na fundi cherehani kupeleka kazi ya mteja. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Jioni niliukunja nikausukuma chini ya godoro. Kesho yake nikaenda mjini, nikanunua begi la mgongoni kwa faranga 30,000, na pesa hizo nilizitoa katika 50,000 alizonitumia za chakula cha mwezi. Siku za mwisho za mwezi ule sikuwa na kitu. Wenzangu wakinikaribisha sahani nilisema nimefunga Sunna. Ilikuwa njaa tu, nikaivika jina la ibada.

Likizo nilikwenda nyumbani nikaona mlango wa chumba cha mbele hauna pazia. Nikauliza liko wapi. Mdogo wangu wa kike akacheka, akazunguka ili nione: pazia la buluu ndilo lililokuwa sketi yake ya shule. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuniuliza kingine ila: "Ule mfuko unakaa vizuri mgongoni?" Nikasema, "Ndiyo, mama."

Miaka miwili baadaye ndipo niliposomeshwa ile hadithi ya pazia, nikashindwa kumtazama ustadhi.

Ewe ndugu wa mwaka wa kwanza, hicho ndicho tulicho nacho cha kufuja. Katika Surat Al-Israa, aya ya 26 na ya 27, Allah (S.W.) amekataza tabdhiri na kuwahesabu wanaofuja kuwa ndugu wa mashetani. Ibn Masud (R.A.) aliieleza tabdhiri kuwa ni kutoa mali pasipo haki. Na Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, akafafanua kwamba mtu akitoa mali yake yote katika haki si mfujaji, na akitoa kibaba kimoja pasipo haki ni mfujaji. Kibaba kimoja! Kwa hiyo jambo hili halipimwi kwa unene wa pochi. Faranga 30,000 zangu zilikuwa kibaba hicho.

Najua mtaniambia, kama wengine walivyoniambia, kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba Muislamu hapaswi kuonekana kama tambara. Ni kweli, na hadithi hiyo ni sahihi, iko kwa Muslim. Lakini isomeni mpaka mwisho. Mtu alitaja kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, Mtume (S.A.W.) akalikubali hilo, kisha akaeleza kiburi ni nini: kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi siku ile darasani mwenye kuhofiwa hakuwa mwenye mfuko wa koti. Walikuwa wale waliocheka, na mimi niliyejiunga nao dhidi ya mama yangu. Nguo ya viraka iliyo safi haimpunguzii mtu uzuri. Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake.

Na tusidanganyane, wengi wetu tunajua kutumia vitu tena. Tumekulia humo. Nani hapa hakulala juu ya godoro lililofunikwa shuka iliyoungwa na kitenge? Nani hakuchotea maji kwa kopo la maziwa ya unga? Ujuzi tunao, tunauacha kwenye geti la kampasi kwa sababu ya macho ya watu.

Kwa hiyo turudisheni. Daftari za muhula uliopita zina kurasa tupu nyuma. Zing'oeni, zishoneni kwa uzi mnene, mna daftari ya kufanyia hesabu. Vipande vya sabuni vilivyobaki viwekeni kwenye soksi isiyo na mwenzake, mfunge, vinaisha mpaka mwisho. Kanzu iliyochanika kifuani mgongo wake bado mzima, na mgongo wa kanzu ni kitambaa cha msala. Dada zangu mnajua kuliko mimi mtandio mpana unavyogeuka mitandio miwili ya mtoto.

Chupa ya maji nitaisemea zaidi, kwa sababu ya udhu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na mudi inakaribia robo tatu za lita. Chupa tupu ya lita moja na nusu, ile mnayoitupa nyuma ya bweni, inabeba udhu wa watu wawili. Toboeni kifuniko kwa msumari uliopashwa moto, maji yatoke kidogo kidogo. Nimejaribu siku bomba lilipokauka, na tangu hapo naona aibu nikifungua bomba hadi mwisho.

Lakini kuna mipaka, na nitaisema bila kuzunguka. Kinachogeuzwa matumizi kiwe chako. Shuka ya bweni, kiti cha darasa na ubao wa meza ni amana, na anayezikata ili abane matumizi hajabana kitu chake. Chombo kilichowekwa dawa ya wadudu au rangi kisiwekwe maji ya kunywa hata kikioshwa mara saba, maana kulinda nafsi ni wajibu. Wala msifanye sadaka kuwa jaa la vitu vilivyokushindeni: Surat Al-Baqara, aya ya 267, inatukataza kukusudia kibaya ndio tukitoe, wakati sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Rekebisha kwanza, ndipo utoe.

Pia pesa iliyobaki iende mahali. Nimeona ndugu anayeshona soksi mara tano huku mwenzake wa chumbani analala na njaa. Surat Al-Furqan inawasifu waja wa Rahmani kwa kutofanya israfu na pia kwa kutofanya ubahili. Ukiokoa faranga elfu mbili, ulizia nani katika korido yako "amefunga Sunna" siku ya nne mfululizo mwisho wa mwezi. Mimi ningekuwa mtu huyo.

Begi la faranga 30,000 lilikatika zipu kabla ya muhula kwisha. Mfuko wa mama niliutoa chini ya godoro, nikaufua, na ndio ninaobebea vitabu hadi leo. Nilikwenda Rumonge nikamweleza yote. Alinyamaza muda, kisha akasema alijua, kwa sababu siku ile nilipojibu sikumtazama.

Mwezi uliopita mshipi mmoja wa mfuko ulikatika, nikaushona mwenyewe, vibaya. Jumamosi hii baada ya Alasiri nitakaa chini ya mwembe nyuma ya msikiti na sindano tatu na uzi mweusi. Dada mmoja wa mwaka wa tatu ameahidi kukaa upande wa kina dada na cherehani ya mkono ya bibi yake. Yule kijana wa mwaka wa kwanza analeta viatu vyake.

Allah atusamehe tuliyoyafuja, awarehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia, na atutakabalie. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.