Taa za Lyon na jicho la mashini

Je, foto ya taa husema kweli? Wengi watajibu upesi: foto haiwezi kudanganya, kwa kuwa mashini haina ulimi. Tungoje kidogo.

Mjini Lyon, katika Ufaransa, kuna kilima cha Fourvière. Mwaka 1852 watu walitaka kuisherehekea sanamu mpya ya Bikira Maria iliyowekwa juu ya mnara wa kanisa la kilima kile. Siku ilikuwa Septemba 8, lakini mto Saône ulifurika, sanamu haikuwa tayari, sikukuu ikasogezwa mpaka Desemba 8. Siku ile nayo tufani ikavuma, wakubwa wakataka kuacha sherehe. Jioni mbingu zikatulia. Ndipo watu wenyewe, bila kuamriwa, wakaweka mishumaa madirishani, nyumba kwa nyumba, mpaka mji ukang'aa. Desturi hiyo iko hata leo. Siku hizi mji umeongeza taa kubwa za umeme kwa siku chache, na wageni wengi sana huja kupiga foto.

Mafundi wa foto hawangoji usiku mzito. Hupiga mara baada ya jua kuchwa, mbingu zingali na rangi ya buluu, maana katika giza kabisa taa huwa doa jeupe tu na nyumba haionekani. Huweka mashini juu ya miguu mitatu, wakaacha jicho lake wazi kwa sekunde kadhaa. Taa haitembei, basi huandikwa vizuri. Mtu anayepita haandikwi. Huwa kama moshi, au hapana kitu. Njia yenye watu huweza kutoka kama tupu, kama baada ya tauni.

Mtoto wa shangazi yangu anakaa kule. Alituma foto ya namna hiyo kwa simu, nasi tukaisifu. Shangazi akaitazama sana, akamwuliza: «Watu wako wapi?» Akajibu kwamba walikuwa wengi hata kusukumana. «Na wewe, baba?» «Nilikuwa nyuma ya mashini, mama.» Shangazi akaturudishia simu, asiseme neno.

Je, mashini ilidanganya? Hapana, hakuna taa iliyoongezwa. Lakini fundi anajua chombo chake kinafuta nini, kama shahidi ajuaye neno alilolinyamazia. Mtu atanipinga: wapita njia hawakuomba kuwekwa katika foto ya mgeni, kuwafuta ni adabu. Neno hilo lina nguvu, wala sina jibu lake kamili. Naona tu kwamba kuficha uso wa mtu ni jambo moja, na kuonyesha mji kana kwamba mishumaa ilijiwasha ni jambo lingine. Mwaka 2015, baada ya mauaji ya Paris ya Novemba 13, taa kubwa ziliondolewa, ikabaki mishumaa ya madirishani kwa kuwakumbuka wafu. Foto ya usiku ule isiyo na mtu ingesema nini?

Mwaka uliofuata ndugu yetu alituma nyingine, mbaya kweli: mshumaa katika dirisha lake, mkono ulitikisika, na kioo kimerudisha sura yake mwenyewe, mdomo wazi. Fundi angeitupa. Shangazi aliagiza itolewe kwa karatasi, akaibandika ukutani karibu na kalenda ya parokia.