Cheza Tarehe, Kisha Uiweke Hanang Mchezoni

Mchezo wa maswali ya tarehe kwenye simu ukikuuliza Mapinduzi ya Ufaransa yalianza lini, utabonyeza 1789 bila kusita. Je, ni mwaka gani John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alimaliza marathoni ya Olimpiki Mexico City huku goti limeumia? Ni 1968. Kijana wa Gitting hapa Hanang, kama swali hili limekupita, ni kwa sababu watunzi wa michezo hiyo hawaijui nchi yetu. Wewe unaijua. Basi jifunze kushinda, kisha uwe mtunzi.

Ukitaka kushinda, shika kwanza miaka michache ya nguzo: 1905 Majimaji, 1954 TANU, 1961 Uhuru, 1964 Mapinduzi ya Zanzibar na Muungano. Swali likija, jiulize: hili lilitokea kabla au baada ya nguzo ipi? Mara nyingi majibu mawili kati ya manne yataanguka papo hapo.

Kisha tafuta undugu wa tarehe. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967. CCM ikazaliwa 5 Februari 1977, miaka kumi kamili baadaye. Uhuru ni 9 Desemba 1961, Jamhuri ni 9 Desemba 1962. Ukiikamata moja, ya pili imekuja nayo. Na kila swali ulilokosa liandike daftarini, ulirudie kesho yake, ulirudie tena wiki ijayo. Hapo ndipo bingwa anapopatikana.

Sasa tunga. Kahoot, kwa mfano, inakuruhusu kuandika maswali yako na kupanga sekunde za kujibu: mpe anayeanza 30, aliyekomaa mpe 10. Majibu ya uongo yakaribiane na la kweli. Ukiuliza Mkoa wa Manyara ulimegwa lini kutoka Arusha, weka 1998, 2002, 2006 na 2010. Ukichomeka 1850, umeshamwonyesha mchezaji jibu la kutupa.

Utaweka nini humo? Muweke Filbert Bayi wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, 2 Februari 1974. Muweke Gidamis Shahanga, aliyetwaa dhahabu ya marathoni Edmonton mwaka 1978 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Iweke pia 3 Desemba 2023, siku tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh, ili watoto watakaozaliwa kesho wajue tulichopoteza. Halafu waendee wazee wa Kiiraqw na Kibarbaig. Mzee akikwambia jambo lilitokea alipokuwa kijana mdogo, muulize kama Uhuru ulikuwa umeshapatikana. Hapo umeanza kuupata mwaka. Uhakikishe kwa mzee wa pili au kwa kitabu kabla ya kuuandika, maana tarehe ya uongo ikishaingia mchezoni husambaa kuliko ya kweli.

Bando likiisha, usisimame. Kata manila, andika tukio upande mmoja na mwaka upande wa pili, kisha pangeni kadi kwa mfuatano, anayekosea apoteze zamu.

Jumamosi hii andika maswali kumi, matano yawe ya hapa kwetu. Waite wenzako mcheze, na kila mmoja aondoke na kazi ya kutunga kumi mengine. Historia yetu haitamsubiri mtunzi wa mbali. Anza wewe!