Aliyehesabiwa na Aliyeshika Ufunguo

Kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 nchi yetu ilihesabu watu wake. Makarani walipita nyumba kwa nyumba, bara na visiwani, vishikwambi mkononi. Huko Unguja walipanda ngazi za nyumba za mawe za Malindi na Shangani, wakafuata njia za mchanga mpaka Nungwi na Makunduchi, na kila kaya ikaulizwa mambo ambayo mtu hamwambii jirani yake hivi hivi: umri, elimu, kazi, ulemavu, vifo vilivyotokea nyumbani, aina ya choo. Watu walijibu. Mwezi Oktoba mwaka ule ule tukatangaziwa kwamba tu watu 61,741,120, na katika hao 1,889,773 ni wa Zanzibar.

Jumla hizo ni za kila mtu, na mtoto wa skuli aweza kuzinakili daftarini. Lakini chini ya jumla zipo hesabu zenyewe, yaani majibu ya kaya moja moja yaliyoondolewa majina. Na kando yake zipo hazina kubwa za takwimu za biashara, bei na afya, ambazo vyuo vikuu huzilipia ili walimu na wanafunzi wao wazitumie. Hizo hazisomwi na kila apendaye. Zina leseni, na leseni hutaja watu wanaoruhusiwa. Twataka leo tuulize ni nani anayestahili kutajwa humo, na ni nani anayestahili kuamua.

Wazazi wengi wenye watoto chuoni hawajapata kuiona leseni ya namna hiyo, basi tuieleze kwa ufupi. Ni mapatano baina ya maktaba na mwenye hazina. Maktaba hulipa, au hupewa bure kwa kuwa nchi yetu imehesabiwa miongoni mwa zile maskini; kisha huahidi kwamba watakaoingia ni walimu, wafanyakazi na wanafunzi wa chuo hicho tu, kila mmoja kwa neno lake la siri. Leseni nyingi huongeza mtu wa nne, ambaye watu hawamjui: msomaji apitaye. Huyo si mtu wa chuo, ila amefika kwa miguu yake, akaketi mbele ya kompyuta ya maktaba, akasoma hapo hapo. Tutamrudia, kwa maana katika jambo hili yeye ndiye tunayemhangaikia.

Tuseme yuko mama mmoja wa Jambiani ambaye hulima mwani. Kilimo hicho kilianza kwa biashara mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye vijiji kama Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Wao huingia majini maji yakitoka, hufunga mbegu kwenye kamba, huvuna, huanika. Kisha mwani mkavu hununuliwa na kupelekwa ng'ambo, hutolewa karaginani, kitu kinachofanya vyakula na dawa ya meno viwe vizito. Bei mama huyu huambiwa ufukweni. Bei ya karaginani huko iendako haambiwi. Basi binti yake yuko chuo kikuu, huko Tunguu, na siku moja mama amwambia: "Mwanangu, hebu nitazamie wenzetu wanauza kwa kiasi gani." Binti ana neno la siri. Katika dakika kumi aweza kulifungua jedwali zima la bei za miaka mingi, la nchi kwa nchi.

Je, afanye nini?

Twajua jibu la moyo. Lakini yatupasa tusiharakishe. Binti akimsomea mama yake tarakimu moja mbili hajamkosea mtu, wala leseni nyingi hazikatazi hilo. Akimpa neno lake la siri, au akilipakua jedwali zima chama cha wakulima kilitumie katika biashara yake, hapo amevunja ahadi. Na ahadi hiyo si yake peke yake. Mwaka 2010, huko Marekani, mtu mmoja alipopakua makala kwa wingi mno kwa njia ya mtandao wa chuo cha MIT, hazina ya JSTOR ilikifungia chuo kizima kwa siku kadhaa, na maelfu ya watu wasio na hatia wakakosa kusoma. Chuo kikubwa kama hicho hustahimili. Chuo kidogo cha kisiwani, chenye hazina chache ilizozipata kwa maombi mengi, kikifungiwa wakati wa mitihani, watakaoumia ni watoto wa akina mama wengine wa Jambiani. Kwa hiyo twasema, bila kufurahi, kwamba binti asitoe neno lake la siri.

Walakini haitoshi kumkemea binti na kufunga kitabu. Yatubidi tuulize ufuli ule uliwekwa kwa ajili ya nini. Maana twaona kwamba katika leseni hizi yako mafuli mawili yaliyofungwa kwa mnyororo mmoja, na watu wameyazoea hata hawayatofautishi tena.

Ufuli wa kwanza ni wa siri ya mtu aliyehesabiwa. Huo ni wa haki, na twautetea kwa nguvu zote. Kuondoa jina hakumfichi mtu daima. Katika shehia ndogo yuko mjane mmoja tu mwenye watoto tisa na mashine ya kushona. Ukiisoma kaya hiyo bila jina, kijiji kizima kitakutajia jina. Wale waliokuwa wakiendesha ule uchunguzi wa afya na uzazi unaofanywa Tanzania tangu 1991/92, na ambao mwaka 2022 ulifika Unguja na Pemba pia, waliliona hilo. Wakati wa kutoa ramani za mahali walipowahoji watu, husogeza kila alama makusudi: mjini mpaka kilomita 2, shamba mpaka kilomita 5, na chache za shamba mpaka kilomita 10, bila kuivuka mipaka ya utawala. Katika kisiwa ambacho upana wake haufiki mbali sana ya kilomita 40, kusogeza huko si mchezo. Mtafiti anayetaka kujua kijiji hasa hukasirika. Na akasirike. Mwanamke aliyekubali kusema ni watoto wangapi aliowazika hakusema ili msomi yeyote aje agonge mlango wake.

Tena madhara ya ufuli huo kufunguliwa si ya kubuni. Mwaka 1942 ofisi ya sensa ya Marekani ilitoa takwimu za mitaa midogo walimokaa watu wa asili ya Kijapani, na kwa msaada wa takwimu hizo watu hao wakaondolewa makwao na kufungiwa kambini. Hapakutolewa orodha ya majina wakati ule wa kwanza, mtaa ulitosha. Mkuu wa ofisi hiyo aliomba radhi mwaka 2000, miaka 58 baadaye. Basi mbele ya ufuli huu profesa hana haki kubwa kuliko mvuvi, na cheo chake kisimfungulie. Aeleze kazi yake, atie sahihi, apewe kiasi cha kazi hiyo, na akijaribu kumtambua mtu afukuzwe.

Ufuli wa pili ni wa fedha. Huo nao hatuulaani wote, kwa sababu kukusanya na kupanga takwimu ni kazi, na mtenda kazi hula kwa kazi yake. Ila tuutazame kwa macho makavu. Hata mwaka 2010 Benki ya Dunia ilikuwa ikiuza kwa vyuo na maktaba takwimu zake za maendeleo, ambazo sehemu kubwa yake zilitoka katika ofisi za takwimu za nchi kama yetu. Mtanzania alihesabiwa kwa kodi yake, hesabu ikapelekwa Washington, ikapangwa vizuri, kisha maktaba ya kwao ikatakiwa ilipe ili aisome. Mwezi Aprili mwaka huo Benki ilifungua milango, ikazitoa bure. Hakuna mtu aliyedhurika, wala siri ya mtu yeyote haikuvuja. Kumbe ufuli ule haukuwa ukimlinda mtu.

Wala si maskini tu wanaouziwa hesabu zao wenyewe. Mwezi Januari 2022 Uingereza ilipoifungua sensa yake ya mwaka 1921, baada ya kufichwa miaka 100, kampuni moja ilipewa kazi ya kuiweka kwenye mtandao, na mtu aliyetaka kumsoma babu yake ilimpasa alipe kwa kila ukurasa. Lakini, na hili lizingatiwe, aliyefika kwa miguu katika nyumba ya nyaraka za taifa huko Kew aliisoma bure. Huyo ndiye msomaji apitaye tuliyemtaja.

Kwetu Unguja mambo haya yana historia ndefu. Mwaka 1948 na 1949 palifanyika uchunguzi mkubwa wa hali za watu katika Unguja na Pemba, uliosimamiwa na Profesa Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Watu waliulizwa habari za kaya zao, kazi zao na ardhi yao. Matokeo yakajaa vitabu 21 vya majedwali, vyote kwa Kiingereza. Hadi leo mtafiti huvisaka katika maktaba chache. Wengi katika waliojibu wamekwisha kufa bila kujua kwamba majibu yao yaliwahi kuwa kitabu. Hapakuwa na leseni wakati ule. Umbali na lugha vilitosha kumfungia mtu nje.

Na umbali haujesha. Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha fedha za uchunguzi wa afya tuliousema juu, kazi ya uchunguzi ikasimama, na maombi mapya ya kuzipata data nayo yakasimama kwa muda. Mwanafunzi wa Unguja aliyetaka kusoma majibu ya watu wa Unguja alikuta mlango umefungwa kwa uamuzi uliokatwa ng'ambo ya bahari, kwa sababu zisizomhusu. Tukio hilo lilitufundisha zaidi ya hotuba nyingi. Hatudai kwamba majibu yale yametupotea. Twasema tu kwamba ufunguo ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine, nasi tulisahau.

Kwa hiyo, nani aamue? Kwa ufuli wa kwanza, twaona yafaa iamue ofisi ya takwimu ya serikali iliyomwahidi mtu siri yake. Kwa Zanzibar hiyo ni Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Na iamue kwa kanuni zilizoandikwa, zinazobandikwa ukutani, si kwa kujuana. Mtu akinyimwa aambiwe sababu kwa barua. Tena nakala ya kila data iliyokusanywa hapa ikae hapa, ihifadhiwe na watu wetu, hata kama mfadhili amejenga hazina nzuri zaidi kwake.

Kwa ufuli wa pili mwamuzi ni maktaba yenyewe, na hapa tuna neno na wakutubi, ambao twawaheshimu na ambao mishahara yao hailingani na mzigo wao. Maktaba isitie sahihi leseni isiyo na nafasi ya msomaji apitaye. Wauzaji wengi huikubali nafasi hiyo wakiombwa, wasipoombwa hunyamaza. Vyuo vyetu vina umoja wa maktaba unaozungumza na wauzaji kwa niaba ya vyuo vingi, na sauti ya wengi husikiwa mahali ambapo sauti ya mmoja hupuuzwa.

Twajua tutakavyojibiwa. Kompyuta ni chache na wanafunzi wenyewe wanapanga foleni, umeme hukatika, mgeni hajui kutafuta, atamshika mkutubi mkono mchana kutwa. Ni kweli. Hatuombi mlango wa saa zote. Tunaomba meza moja na asubuhi moja katika juma, na mtu mmoja ajuaye Kiswahili cha tarakimu, yaani awezaye kumweleza mkulima wa mwani kwamba safu hii ni bei na safu ile ni tani. Mama huyo hataki kujua siri ya mtu. Anataka kujua thamani ya kitu alichokishika kwa mikono yake.

Liko jambo dogo zaidi, nalo pengine ndilo gumu. Mahali pengine leseni inamruhusu msomaji apitaye, mkutubi anamruhusu, kompyuta ipo, lakini langoni yupo mlinzi aliyeambiwa asimpitishe asiye na kitambulisho cha chuo. Mlinzi hana kosa; hakuna aliyempa karatasi ya kumwambia vinginevyo. Mama aliyetoka Jambiani kwa daladala, nauli ameitoa kwenye kanga, hurudishwa palepale juani, naye huondoka akidhani kwamba ni sheria. Leseni nyingi huandikwa upya kila mwaka. Karatasi ya mlinzi yaweza kuandikwa kesho.